Kuiondoa mashine kwenye klasta bila kuua kazi za watu

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni fundi wa kompyuta katika maabara ya utafiti hapa Mombasa. Tuna klasta ndogo, yaani kundi la mashine 12 zinazofanya kazi pamoja, mb01 hadi mb12, na kazi zote hupangwa na programu iitwayo Slurm. Mashine mb07 imeanza kuzimika yenyewe, nikaamua kuiondoa. Nilifuta jina lake kwenye slurm.conf, faili ya mipangilio ya Slurm, ya mashine kuu, kisha nikaiwasha upya slurmctld. Kazi mbili zilikufa papo hapo. Moja kati yake ilikuwa ikitumia mashine tatu, na mbili katika hizo hazikuwa na tatizo lolote. Tangu siku hiyo logi imejaa malalamiko kuhusu mashine 11 zilizobaki. Nimekosea wapi, na njia iliyo sawa ni ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kosa lako halimo katika ulichokiandika kwenye faili, limo katika mpangilio wa hatua: ulilifuta jina la mashine wakati bado ina kazi za watu ndani yake. Nitakueleza njia iliyo sawa kwa kirefu, lakini kwanza kuna jambo ambalo hukulitaja, nalo linahitaji kushughulikiwa leo, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Slurmctld ndiyo programu inayosimamia klasta nzima kutoka mashine kuu, na slurmd ni ile inayokaa katika kila mashine ya kazi ikipokea maagizo. Ulipoiwasha upya slurmctld bila jina la mb07, ilikuta kazi iliyoandikishwa kwenye mashine tatu ikiwa imepungukiwa na moja. Katika hali hiyo msimamizi huyu huiua kazi kwenye mashine zilizobaki, kisha huirudisha kwenye foleni ianze upya iwapo kazi yenyewe inaruhusu kurudishwa. Ndiyo maana mashine mbili nzima ziliingia hasarani pamoja na ile mbovu. Lakini je, nani aliyeiambia mb07 iache? Hakuna. Msimamizi hawezi kumtumia agizo mtu asiyemjua. Ikiwa mb07 haikuzimika siku ile, prosesi za kazi zile mbili huenda ziliendelea kukimbia humo bila mwenyewe, zikiandika kwenye hifadhi ya pamoja, ndani ya faili zilezile ambazo kazi iliyorudishwa kwenye foleni ilianza kuziandika upya.

Kwa hiyo ingia mb07 moja kwa moja kwa ssh na uandike:

ps -ef | grep slurmstepd

Slurmstepd ni mlezi anayewekwa juu ya kila kazi inayoendeshwa na slurmd. Ukimwona hai katika mashine ambayo klasta imekwisha kuisahau, basi hofu yangu ni ya kweli. Isimamishe slurmd kwanza, kisha uziue prosesi za mtumiaji na mlezi wake, kwa kuwa kuisimamisha slurmd peke yake kwa kawaida hakuziui kazi zilizo chini ya walezi. Halafu fungua faili ya matokeo ya ile kazi ya mashine tatu na uisome kwa macho yako, mstari kwa mstari, kuanzia saa uliyoiwasha upya slurmctld. Ukiona hesabu ya hatua inapanda hadi 4810, inashuka ghafla hadi 35, inapanda tena hadi 4811, kisha inarudi 36, fahamu kwamba waandishi wawili walikuwa wameshika kalamu moja. Matokeo hayo hayafai kutumiwa, hata kama sehemu yake ya mwisho inaonekana kuwa safi. Mwambie mwenye kazi hiyo leo hii na umweleze kilichotokea, kwa sababu yeye ndiye atakayechora ramani au kuandika ripoti kutokana na namba hizo, na hana njia nyingine ya kujua kuwa zimechanganyika.

Sasa malalamiko ya logi. Kila slurmd inapozungumza na msimamizi hutuma pia alama ya hesabu iliyokokotolewa kutokana na faili yake ya slurm.conf, na msimamizi huilinganisha na ya kwake. Wewe ulibadilisha nakala ya mashine kuu peke yake, kwa hiyo mashine zote 11 zinashika orodha ya zamani yenye majina 12, na msimamizi anakuonya kwa kila moja kwamba faili zao hazifanani na yake. Onyo hilo lisipuuzwe. Slurmd hazipokei maagizo kutoka kwa msimamizi tu. Hupokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe kama matawi ya mti, mashine moja ikizifikishia nyingine kadhaa, ili msimamizi asilemewe kwa kuita kila moja. Mashine zisipokubaliana juu ya nani yumo na nani hayumo, ujumbe unaweza kupotea njiani, nawe ukahangaika siku nzima kutafuta hitilafu ya mtandao ambayo haipo.

Upande wa msimamizi nako kuna sababu ya kuwa mwangalifu. Slurmctld huziweka mashine zote katika jedwali lenye mpangilio, na kila kazi, kila foleni na kila nafasi iliyotengwa hubeba safu ya alama zinazoonyesha ni mashine zipi za jedwali hilo inazotumia. Mashine moja ikitoka katikati, safu hizo zote hulazimika kujengwa upya. Ndiyo maana kwa miaka mingi utaratibu wa Slurm umekuwa kuizima slurmctld na kuiwasha tena kila orodha ya mashine inapobadilika.

Nikifika kwenye utaratibu wenyewe, ambao ungepaswa kuufuata kabla ya kulifuta jina, naomba uifikirie feri ya Likoni inayotakiwa kutolewa kazini ikatengenezwe. Hakuna nahodha anayeizima katikati ya maji. Lango la kupandia hufungwa, asiingie mtu wala gari jipya, waliokwisha kupanda wakavushwa hadi ng'ambo na kushuka, na hapo ndipo feri inapokabidhiwa mafundi. Slurm ina hali inayofanya jambo hilohilo, nayo huitwa DRAIN:

scontrol update NodeName=mb07 State=DRAIN Reason="feni imeliwa na kutu, inaondolewa"

Kuanzia hapo mb07 haipewi kazi mpya, ila zilizomo zinaendelea hadi zimalizike. Ukiandika sinfo utaiona ikiwa drng maadamu kuna kazi ndani yake, na siku itakapobaki tupu itageuka drain. Hali hiyo huhifadhiwa, kwa hiyo haipotei hata slurmctld ikiwashwa upya. Ukighairi, State=RESUME huirudisha kazini. Sababu ni lazima uiandike, na tafadhali iandike kwa maneno ambayo mwenzako wa zamu atayaelewa, maana sinfo -R humwonyesha kila mtu sababu hiyo, aliyeiandika na saa aliyoiandika. Neno moja kama "mbovu" halimsaidii mtu anayeingia kazini alfajiri na kukuta mashine imefungwa.

Usiitumie hali ya DOWN badala ya DRAIN. Majina haya yanakaa karibu katika mawazo ya anayeanza, lakini tofauti yake ni kubwa: DOWN huziua papo hapo kazi zote zilizomo. Nami nililijifunza hilo kwa gharama ya mtu mwingine. Miaka mingi iliyopita, katika taasisi niliyokuwa nikiifanyia kazi, niliandika DOWN kwa mashine iliyokuwa na kumbukumbu mbovu, nikidhani nimeifunga mlango tu. Ndani yake kulikuwa na kazi ya mwanafunzi iliyokuwa imekimbia kwa siku sita. Slurm iliirudisha kwenye foleni kwa uaminifu kabisa, ikaanza tena tangu mwanzo, kwa sababu programu yake haikuwa ikihifadhi hali ya mahesabu njiani. Nilimwendea mwenyewe kumwambia, na uso wake siku ile sijausahau. Tangu hapo sigusi mashine yoyote kabla ya kutazama walio ndani:

squeue -w mb07 -o "%i %u %M %L"

Amri hii hukupa namba ya kazi, jina la mtumiaji, muda uliokwisha kutumika na muda uliobaki. Safu ya mwisho ndiyo inayokuambia utasubiri kwa muda gani. Ikiwa foleni yenu haina kikomo cha muda, safu hiyo haitakupa tarehe yoyote, nawe hutakuwa na budi kuzungumza na wenye kazi mmojammoja. Kwa maoni yangu foleni isiyo na kikomo haifai katika klasta ndogo kama yenu, na jambo kama hili ndilo linaloonyesha ubaya wake.

Kwako kuna ugumu zaidi, kwa sababu mashine inazimika yenyewe na huenda isikupe muda wa kusubiri. Mashine ikizimika, slurmctld huingoja kwa muda ulioandikwa kwenye SlurmdTimeout, ambao usipobadilishwa huwa ni sekunde 300, kisha huihesabu kuwa imeanguka na kuziua kazi zake. Basi usisubiri kimya. Ifunge kwa DRAIN, kisha uwaulize wenye kazi kama programu zao huhifadhi hali ya mahesabu. Anayeweza kuhifadhi na ahifadhi, halafu uirudishe kazi yake kwenye foleni kwa scontrol requeue na namba yake. Kwa kuwa mlango wa mb07 umekwisha kufungwa, haitarudi humo. Ukiugeuza mpangilio huo, ukairudisha kazi kabla ya kuifunga mashine, inaweza kupangiwa mb07 ileile dakika hiyohiyo. Angalia pia thamani ya ReturnToService katika slurm.conf. Ikiwa ni 2, mashine iliyoanguka bila kufungwa kwa DRAIN huinuka na kupokea kazi mpya mara tu inapojiandikisha tena, na mashine inayozimika kila baada ya saa chache hugeuka shimo linalomeza kazi moja baada ya nyingine.

Wako pia watu ambao kazi zao hazijaanza, na hao husahauliwa. Amri ya squeue -t PD -o "%i %u %n" itakuonyesha kazi zinazongoja ambazo wenyewe wametaja jina la mashine wanayoitaka. Kazi ya aliyetaja mb07 haitaanza, na vivyo hivyo ya aliyeomba mashine 12 kwa pamoja, kwa kuwa zitabaki 11. Ikiwa mb07 ndiyo pekee yenye kumbukumbu kubwa au kadi ya GPU, swali lako si la Slurm tena, ni la maabara nzima, na mkuu wa maabara anapaswa kulijua kabla ya kazi kuanza. Tazama vilevile scontrol show reservation. Ukiikuta mb07 ndani ya nafasi iliyotengwa mapema kwa ajili ya mafunzo au kundi fulani, ihariri nafasi hiyo kwanza.

Kabla hujaendelea, jiulize kama kweli unataka kuiondoa. Hapa kwetu hewa ya bahari hupenya hadi ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na chumvi yake hula feni, viunganishi na skrubu. Nimefungua mashine nyingi zilizodhaniwa kufa nikakuta ukungu wa kijani kwenye meno ya kumbukumbu, na baada ya kusafishwa na kubadilishiwa feni zikarudi kazini. Ikiwa mb07 inakwenda kwa fundi na kurudi baada ya wiki tatu, sioni haja ya kugusa slurm.conf hata kidogo. Iache katika hali ya drain, sababu ikiwa imeandikwa, uizime na kuichukua. Jina lifutwe pale tu mashine isiporudi tena.

Ukiwa na hakika hairudi, na sinfo ikionyesha drain, fanya hivi. Kwenye mb07 andika systemctl disable --now slurmd, ili isije ikaamka siku ya umeme kurudi na kuanza kubisha hodi kwa msimamizi asiyemjua. Kwenye slurm.conf badilisha mb[01-12] iwe mb[01-06,08-12], si kwenye mstari wa NodeName tu, bali na kwenye kila mstari wa PartitionName, yaani wa foleni, unaoitaja. Jina likibaki kwenye foleni huku limefutwa kwenye orodha ya mashine, slurmctld itakataa kuanza, na klasta nzima itakaa bila msimamizi mpaka ulione kosa lenyewe. Gres.conf, inayoorodhesha vifaa kama kadi za GPU, na topology.conf, inayoeleza mpangilio wa mtandao, nazo zisomwe, kama mnazitumia.

Kisha isimamishe slurmctld. Kazi zinazokimbia kwenye mashine nyingine hazitaguswa, ila hakuna mpya itakayoanza kwa muda huo. Isambaze faili mpya kwenye mashine zote 11, na uhakikishe kwa md5sum kwamba nakala zote zinafanana hadi herufi ya mwisho. Ziwashe upya slurmd zote, jambo ambalo haliziui kazi kwa kuwa walezi wake hubaki hai, na mwisho uiwashe slurmctld. Nakusihi usiiwashe kwa kiambatisho cha -c, hata ukikiona kimependekezwa mahali fulani kuwa dawa ya matatizo ya kuanza. Kiambatisho hicho hufuta hali yote iliyohifadhiwa, pamoja na foleni nzima na kumbukumbu za kazi zinazoendelea. Hatua hizihizi, kuanzia kusambaza faili hadi kuiwasha slurmctld, ndizo zitakazonyamazisha malalamiko uliyonayo sasa.

Kama toleo lenu ni 23.11 au la baadaye, njia imefupishwa: baada ya kusambaza faili, scontrol reconfigure hufanya kazi ambayo zamani ililazimu kuzima na kuwasha, na ikikuta kosa kwenye faili hukataa na kuuacha mpangilio wa zamani uendelee. Kuifunga mashine na kusubiri itoke kazi kunabaki palepale. Utaona pia amri ya scontrol delete NodeName, iliyokuja na toleo la 22.05, lakini hiyo ni ya mashine zilizojiunga na klasta bila kuandikwa kwenye slurm.conf, na hukubali tu ikiwa hazina kazi wala hazimo katika nafasi iliyotengwa. Kwa mb07 yako haitafaa.

Mashine ikishatoka kwenye orodha bado ina mali ya watu na siri za klasta. Wapo watumiaji wanaoandika matokeo ya muda kwenye diski ya mashine yenyewe, kwa sababu ni ya kasi kuliko hifadhi ya pamoja, kisha wakasahau kuyahamisha. Orodhesha faili hizo kwa majina ya wenyewe na uwape siku za kuzichukua. Halafu kuna ufunguo wa munge, ulio kwenye /etc/munge/munge.key. Ufunguo huo ni mmoja kwa mashine zote, nao ndio unaoithibitishia Slurm kwamba anayetuma agizo ni yule anayejitaja. Mashine ikiuzwa au kupewa shule jirani huku ufunguo ungali ndani, atakayeupata anaweza kujifanya mtumiaji yeyote wa klasta yenu, na hata msimamizi, mara tu atakapopata njia ya kuingia kwenye mtandao wenu. Usiufute kwa kuihamisha faili tu; ifute diski nzima. Ondoa pia jina la mb07 kwenye ruhusa za hifadhi ya pamoja na kwenye orodha ya mashine zinazoangaliwa na mfumo wa tahadhari.

Jina la mb07 usiipe mashine nyingine. Kazi za zamani zimeandikishwa kwa jina hilo katika historia ya kazi inayoonyeshwa na amri ya sacct, na mashine mpya yenye nguvu tofauti ikilirithi, mtu atakayelinganisha muda wa kazi za mwaka huu na za mwaka jana atapata majibu ya uongo. Mashine itakayonunuliwa iitwe mb13.

Ukimaliza, subiri saa ambayo klasta ina nafasi na utume kazi moja fupi:

srun -N 11 hostname

Yanapaswa kurudi majina 11, kila moja mara moja, bila mb07. Majina yakirudi yote, fungua logi ya slurmctld na uiache wazi mbele yako kwa robo saa. Ukiona bado onyo la faili zisizofanana, litakuwa limetaja jina la mashine. Ingia kwenye mashine hiyo, kwa kuwa ndiyo ambayo slurmd yake haikuwashwa upya au nakala yake haikufika.